Maneno Yasiyosahihishwa: Lugha, Mamlaka na Ushahidi katika Filamu ya Hali Halisi kuhusu Troll 2

Utangulizi

Filamu mbovu haina kawaida ya kufanyiwa utafiti. Huchekwa, kisha husahauliwa. Makala haya yanaeleza jinsi filamu moja ya mazimwi iliyotengenezwa kwa fedha kidogo, Troll 2, ambayo kwa miaka mingi imetajwa miongoni mwa filamu mbovu kupita zote, ilivyogeuka kuwa mada ya filamu ya hali halisi iitwayo Best Worst Movie, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009. Wahakiki wengi wameisoma filamu hiyo ya pili kama hadithi ya mashabiki na vichekesho. Makala haya yanaisoma kama ushahidi wa mgogoro wa kilugha: ni nani mwenye mamlaka juu ya maneno pale ambapo mwandishi wa mswada hana umilisi wa lugha anayoiandikia, na msemaji wa maneno hayo ni mzawa wa lugha hiyo asiye na cheo?

Chimbuko la Troll 2

Troll 2 ilipigwa picha mwaka 1989 katika jimbo la Utah, Marekani, na kutoka mwaka 1990. Waliyoitengeneza walikuwa Waitalia wa kampuni ya Filmirage. Mwongozaji, Claudio Fragasso, alijiandikisha kwa lakabu ya Drake Floyd. Sinema ya kibiashara ya Italia ilikuwa na desturi ya siku nyingi ya kutumia lakabu zenye sura ya Kiingereza ili bidhaa ikubalike katika masoko ya nje. Mswada ulitokana na Rossella Drudi, mke wa Fragasso, ambaye ameeleza kuwa wazo lilimjia kutokana na kuchoshwa na marafiki walioacha kula nyama. Ndiyo maana vibwengo wa hadithi hiyo hawagusi nyama: humgeuza binadamu kuwa mmea kwanza, ndipo wamle.

Jina nalo lina kisa chake. Filamu ilipigwa kwa jina la Goblins, yaani vibwengo. Wasambazaji ndio waliolibadilisha ili inufaike na umaarufu wa Troll ya mwaka 1986, ambayo haina uhusiano wowote nayo. Matokeo yake ni filamu ya mazimwi isiyo na zimwi hata mmoja. Mji wa vibwengo unaitwa Nilbog, neno lile lile la Kiingereza likisomwa kutoka mwisho, na ugunduzi huo umepewa uzito wa fumbo kuu. (Mfasiri wa Kiswahili angelazimika kuacha kugeuza herufi na kutumia kinyume cha watoto wa pwani, kinachohamisha silabi ya mwisho kuwa ya kwanza: kibwengo, ngokibwe. Pengine fumbo lingekuwa gumu zaidi kuliko la asili.)

Sentensi kwenye seti

Waigizaji walikuwa wenyeji wa Utah, wengi wao wasio na uzoefu. George Hardy, aliyepewa nafasi ya baba, alikuwa daktari wa meno aliyefika kwenye usaili akitumaini kuonekana kwa mbali tu. Kwa maelezo ya waigizaji hao, mswada uliandikwa kwa Kiingereza ambacho hakuna Mmarekani angekisema. Wanasimulia kwamba waliomba ruhusa ya kuzinyoosha sentensi, wakakataliwa: kila neno litamkwe kama lilivyoandikwa. Fragasso, kwa upande wake, amezipinga simulizi hizo.

Kwa mwanaisimu, hapa ndipo penye utajiri. Sentensi za Troll 2 kwa kawaida si makosa ya sarufi. Nyingi ni sahihi kisarufi lakini zimekosa mahali pa kukaa: rejista ya kitabuni imewekwa kinywani mwa kijana, karipio la mzazi limebeba uzito wa hotuba, na mshangao umerefushwa hadi ukapoa. Mtazamaji husikia kwamba msemaji na maneno yake hawafahamiani. Mwigizaji hodari angeweza kuficha pengo hilo kwa kiimbo. Asiye na uzoefu huliacha wazi. Hivyo sifa ya uigizaji mbovu, ambayo waigizaji waliibeba peke yao kwa karibu miaka 20, ilikuwa kwa sehemu kubwa sifa ya mswada.

Kuitengeneza filamu ya pili

Best Worst Movie iliongozwa na Michael Stephenson, ambaye utotoni ndiye aliyeigiza mtoto mkuu wa Troll 2. Filamu haikupitia majumba ya sinema Marekani. Ilikwenda moja kwa moja kwenye mikanda ya video, na kwa muda mrefu Stephenson aliionea haya. Baadaye aligundua kwamba vijana walikuwa wakikusanyika kuitazama pamoja na kuyakariri majibizano yake. Akaanza kuwatafuta wenzake.

Nafasi yake kama mtafiti ni ya kutazamwa kwa makini. Yeye ni shahidi na mhoji kwa wakati mmoja. Faida yake ni kwamba milango ilifunguka: Hardy, ambaye wakati huo alikuwa akitibu meno katika mji mdogo wa Alabama, anafuatwa kliniki, kwenye maonyesho yaliyofurika, na pia kwenye kongamano la wakusanyaji kumbukumbu huko Uingereza ambako karibu hakuna anayemjua. Hasara yake ni kwamba upande wa waigizaji unasikika kwa lugha yao ya kwanza, kwa utani na wepesi, ilhali Fragasso anapozungumza Kiingereza anasikika mzito na mwenye hasira. Ule upungufu ulioiharibu filamu ya kwanza unamrudia katika ya pili, safari hii yeye akiwa ndiye msemaji. Pale anapohojiwa kwa Kiitaliano, huwa mtu mwingine: anafafanua, anapanga hoja, anasisitiza kuwa kazi yake inahusu kula, kuishi na kufa.

Tukio lenye uzito kuliko yote ni ziara yake Marekani. Anaona foleni ya watazamaji na kufurahi. Ndani ya ukumbi anatambua kuwa wanacheka penye kuchekesha na pasipo kuchekesha. Baadaye waigizaji wanaposimulia habari za mswada mbele ya hadhira, yeye anawakatiza na kuwatupia maneno makali. Stephenson aliliacha tukio hilo lijieleze, bila sauti ya msimulizi wa kutoa hukumu. Uamuzi huo unastahili sifa. Inatia shaka zaidi sehemu inayomwonyesha mwigizaji wa nafasi ya mama, anayeishi kwa kujitenga na watu. Kicheko cha ukumbini kinaweza kumfuata hadi sebuleni kwake, na kibali cha kupigwa picha si sawa na kibali cha kuchekwa.

Mintarafu ya Afrika Mashariki

Katika ukanda huu, mamlaka juu ya maneno ya filamu za kigeni yalichukua njia tofauti kabisa. Ma-VJ wa Uganda kwa Kiganda, DJ Afro nchini Kenya na Lufufu jijini Dar es Salaam waliyachukua majibizano ya watu wengine na kuyasema upya bila kumwomba mwongozaji ruhusa. Walichonyimwa waigizaji wa Utah, wasimulizi hawa walijitwalia, na hadhira ikawalipa kwa kuwasikiliza.

Hata hivyo, filamu zinazotengenezwa hapa hapa ziko karibu zaidi na hali ya Fragasso. Filamu za kutisha za Kiswahili za miaka ya 2000, kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zilitengenezwa kwa fedha kidogo, na kutajwa kwake hapa si hukumu juu ya ubora wake. Filamu nyingi za Kiswahili husambazwa zikiwa na maandishi ya tafsiri ya Kiingereza ambayo mara nyingi hayakupitiwa na mhariri yeyote, na mtazamaji wa nje humcheka mwigizaji kwa kosa la mfasiri. Gharama ya kumlipa mhariri wa lugha kwa siku chache ni ndogo ikilinganishwa na ile ya kamera na usafiri. Bodi za filamu zinazokagua maadili ya picha zingeweza pia kudai jina la mhariri huyo lionekane katika orodha ya watendaji.

Lipo na suala la ushahidi. Stephenson aliwapata wenzake wengi wakiwa hai, na mikanda ikiwa bado inazunguka mikononi mwa mashabiki. Kanda na diski za filamu za Kiswahili za kizazi cha kwanza zinaharibika, na miswada mingi haikuandikwa kikamilifu: waigizaji walipewa kisa, wakatunga majibizano wenyewe mbele ya kamera. Ubunifu huo wa papo kwa papo ni data ambayo isimujamii ya Kiswahili haijaikusanya ipasavyo. Mahojiano yaanze na waigizaji wa nafasi ndogo na watu wa sauti, ambao majina yao hayamo katika majalada, na kila mmoja ahojiwe kwa lugha anayoimudu kuliko zote, awe ni Mnyakyusa, Mzaramo au Mganda.