Umeme wa Jua: Tuuze au Tujiwekee?

Wapenzi wengi hapa Dodoma hugombana kwa sababu zile zile: simu, ndugu na hela. Nyumbani kwetu imeongezeka ya nne, betri. Tulifunga sola, paneli juu ya bati na betri ya lithiamu ya uniti 5 ukutani, na tangu siku hiyo mume wangu anaota kuwauzia TANESCO umeme. "Mke wangu, hilo jua ni hela imekaa bure," ndiyo kauli yake. Mimi nataka giza likiingia betri iwe imejaa. Basi.

Msimcheke, hoja anayo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Miezi mingine, ikifika saa saba mchana betri imeshajaa, wote tuko kazini, na umeme wa paneli hauna wa kuutumia. EWURA wana kanuni zinazomruhusu mwenye sola kuingiza umeme kwenye gridi na kuhesabiwa. Wenzetu Kenya walitoa za kwao 2024: ukiingiza uniti moja unahesabiwa nusu, tena ya kupunguza bili, siyo ya kutia mfukoni. Aliposikia hiyo nusu, bwana alinyamaza kidogo.

Tukachukua kalamu. Bei ya kawaida ya nyumbani, ile iliyopangwa 2016, ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Tuseme kila usiku tunatoa uniti 1.5 kwenye betri na tunalipwa bei nzima, jambo ambalo sitegemei. Ni shilingi 438. Kwa mwezi 13,140. Jamani! Na ndani ya friji hiyo hiyo inayotegemea betri kuna insulini ya mama mkwe, yaani mama yake yeye mwenyewe.

"Mgawo ulikuwa wa 2023," anajibu, "sasa Bwawa la Nyerere lipo." Kweli lipo, megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024. Lakini bwawa halizuii nguzo ya mtaani kuanguka wala transfoma kulipuka usiku wa mvua.

Kuna jambo wauzaji wa sola hawalisemi kwa sauti. Mfumo wa kuuza umeme usio na betri hujizima wenyewe gridi ikikatika, ili fundi aliyeko juu ya nguzo asipigwe shoti na umeme wa kwako. Kwa hiyo unaweza kuwa na paneli kumi, jua linawaka, na ndani hakuna hata feni. Lingine: usimruhusu fundi wa mtaani akuunganishe kienyeji. Ukiacha hatari na sheria, baadhi ya mita za LUKU huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeutumia. Unawapa umeme, halafu unawalipa!

Sisi bado hatujaomba kuunganishwa. Kwanza tumehamishia kazi nzito mchana: dada anafua na kupiga pasi saa sita, pampu inajaza tangi. Uniti usiyoinunua inakuokolea bei nzima pamoja na kodi zake, na hakuna fomu ya kujaza.

Ikabaki namba ya akiba, ile asilimia ambayo betri ikiifikia, inveta inarudi kwenye umeme wa TANESCO. Yeye alitaka 20, ili tununue LUKU kidogo. Mimi 70. Tukakubaliana 50 kiangazi na 80 masika, na nywila ya inveta tunayo wote wawili. Mwezi uliopita niliona kwenye simu, nikiwa ofisini, kwamba imeshuka hadi 40. Nikairudisha. Jioni hakuna aliyeitaja, ila mama mkwe aliuliza mbona leo tunakula kimya kimya.