Siasa za Kiganjani Ufukweni Usenge

Usenge ni mji mdogo wa wavuvi katika nchi ya Yimbo, kaunti ya Siaya, magharibi ya Kisumu. Hapa ndipo wasafiri hupandia mashua za kisiwa cha Mageta, na karibu yake kiko kilima cha Got Ramogi, ambacho Wajaluo hukitaja kuwa maskani ya mababu zao wa kwanza katika Kenya. Jimbo la uchaguzi ni Bondo, nyumbani kwa akina Odinga. Kwa hiyo siasa hapa ni chakula cha kila siku, kama ugali na ngege.

Zamani chakula hicho kililiwa pamoja. Mgombea alikuja na gari lenye vipaza sauti, akasimama sokoni, akasema, akaulizwa, akajibu. Mwaka 2002 wimbo wa Gidi Gidi Maji Maji uitwao Unbwogable, wenye asili ya neno la Kijaluo, ulisikika redioni hata ukawa wimbo wa kampeni za NARC nchi nzima. Aliyeupenda na aliyeuchukia walisikia maneno yale yale.

Sisi watu wa Mwambao tunayajua hayo. Katika kampeni za ubunge za Lamu, 1974 na 1975, mashairi ya Kimondo yalitiwa katika kaseti, yakasikizwa majumbani. Upande mmoja ukitunga, wa pili ukijibu. Maneno yalikuwa makali, lakini mji uliyasikia na mji uliyapima.

Simu ya mkononi imeleta desturi nyingine. Facebook, WhatsApp na TikTok humpelekea kila mtu maneno yake peke yake. Jirani hajui jirani yake ameambiwa nini, na mara nyingi msemaji haonekani uso. Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza iliwaonyesha wakuu wa Cambridge Analytica, walionaswa kwa kamera ya siri, wakijigamba kuwa waliendesha kampeni za Uhuru Kenyatta za 2013 na 2017.

La kutia hofu zaidi ni la Julai 2022, siku chache kabla ya uchaguzi. Mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook kwa kuipelekea matangazo ya uchochezi wa kikabila. Ya Kiingereza yalirudishwa kwanza kwa ajili ya sarufi na matusi, yakakubaliwa yaliposahihishwa. Ya Kiswahili yalipita yote. Bahati njema, yaliondolewa kabla hayajatangazwa. Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ikaipa kampuni hiyo siku 7 ijirekebishe. Lugha yetu, basi, ilikuwa mlango usio na bawabu.

Gharama yake twaijua. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100, na Kisumu ikaungua. Wakati ule chuki ilipita hata katika ujumbe mfupi wa simu.

Bawabu wa kweli ni msomaji mwenyewe. Muislamu ameshafunzwa: Suratul Hujurat, aya ya 6, inamtaka aihakikishe habari kabla ya kuifuata. Mvuvi wa Usenge naye akivuta wavu hapeleki nyumbani kila kilichonaswa. Huchagua, na takataka huzitupa. Tufanye vivyo hivyo na simu zetu, kabla kidole hakijalipeleka neno kwa mwingine. Likishatoka, halirudi.