Kiboko Anapovuka Njia



Ninyi mlio Juja, Thika na Ruiru mwazijua njia zishukazo kwenye Mto Athi. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alikuwa mgeni katika shamba la Juja la Bwana McMillan, naye aliandika habari za viboko wa huko. Leo nyumba zimeongezeka sana, lakini mtoni viboko wangaliko.

Mchana kiboko hukaa majini, kwa kuwa ngozi yake haivumilii jua. Usiku hutoka kula majani, hata kilo 40, na kabla ya kucha hurudi mtoni kwa njia yake aliyoizoea. Barabara ikiikata njia hiyo, yeye hajui kuwa ni barabara.

Hapo ndipo penye hatari. Rangi yake ni ya giza, wala taa hazimwonyeshi upesi. Ukienda kilomita 60 kwa saa, gari lapita karibu mita 17 kwa sekunde moja. Basi karibu na mto punguza mwendo. Ukimwona, simama mbali, shusha taa, usipige honi, wala usitoke garini. Usijiweke kati yake na maji, maana maji ndiyo kimbilio lake. Akizuiwa hushambulia, na nchi kavu aweza kukimbia kiasi cha kilomita 30 kwa saa. Mwenye pikipiki hana mlango wa kufunga. Na ageuke mapema.

Sasa fungueni Ayubu sura ya 40, kuanzia mstari wa 15. Ayubu amefiwa na watoto, naye ataka jibu. Mungu hamwelezi sababu ya mateso yake. Amwonyesha mnyama mkubwa, mla majani, ambaye Biblia yetu ya Kiswahili humwita kiboko, na kumjulisha ya kuwa Muumba wao ni mmoja.

Sisemi hivi kwa wepesi. Wako walioliwa mahindi yao na mnyama huyu, na wako waliofiwa kwa ajili yake. Kanisa lisiwape mstari tu na kwenda zake. Tuwatembelee, tuwasindikize hadi ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kwani sheria ya mwaka 2013 ina nafasi ya fidia kwa walioumizwa na wanyama wa porini.

Nawe dereva, dakika chache za kungoja gizani si hasara. Ni kukiri kwamba dunia hii ina Mwenyewe, na kwamba wengine pia wamepewa njia ndani yake.

Na tuombe. Ee Baba, uwalinde wasafiri wa usiku huu. Uwafariji waliofiwa, utufundishe kungoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.