Espoir ya Rusizi: Ukuta wa mabeki kwa mfuko mwembamba

KAMEMBE — Mchuuzi anayevuka daraja la Rusizi kwenda Bukavu anaijua hesabu ya mtaji mdogo: huwezi kununua kila kitu, hivyo unachagua kitakachorudisha fedha. Hesabu hiyo ndiyo inayoikabili Espoir FC, klabu ya soka ya mji huu iliyoshuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2022/23.

Ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, NHL, iliweka kikomo cha mishahara mwaka 2005: timu isizidi dola milioni 39. Tajiri na maskini walifungwa kamba moja. Kamembe kikomo kimo mfukoni, na kinambana mdogo peke yake. Espoir imekuwa ikitegemea msaada wa Wilaya ya Rusizi, ilhali APR ni klabu ya jeshi na Rayon Sports ina mashabiki nchi nzima. Kila mechi ya Kigali ni safari ya zaidi ya kilomita 200 kupitia msitu wa Nyungwe. Nauli na malazi hulipwa kabla ya kufikiria mshahara wa beki.

Kwa timu ya namna hii, ulinzi ndio mahali pa kuanzia. Mshambuliaji hununuliwa kwa bei ya mabao yake, lakini safu ya nyuma hutengenezwa kwa mazoea. Beki mmoja wa kati mwenye uzoefu, anayewapanga wenzake kwa sauti, anaweza kuwaongoza vijana watatu wa hapa hapa mtaani. Sharti ni kuwaacha wacheze pamoja misimu kadhaa. Ukibadilisha wanne kila mwaka, unalipa upya kwa kosa lile lile.

Kucheza na wenyeji si aibu. APR ilitumia Wanyarwanda pekee kuanzia 2012 hadi 2023 na ikatwaa mataji mengi. Tofauti ni kwamba APR ilikuwa na uwezo wa kuchagua walio bora nchini. Espoir huchagua katika waliobaki.

Jirani wa karibu angeweza kusaidia. Bukavu, yenye timu kama OC Muungano na Bukavu Dawa, iko ng'ambo tu ya mto. Kongo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, na itifaki ya soko la pamoja, inayogusa pia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, ipo tangu 2010. Lakini soka lina ramani yake: Rwanda iko CECAFA, Kongo iko UNIFFAC, na beki wa Bukavu akisajiliwa Kamembe huhesabiwa mgeni sawa na Mbrazili.

Nafasi za wageni zikiwa na kikomo, klabu nyingi huzitumia kwa washambuliaji. Kwa mwenye mtaji wa Kamembe, huenda busara ni kinyume chake: nafasi ya kwanza apewe beki wa kati. Mchuuzi anaelewa: kabla ya kuongeza bidhaa, ziba kwanza tundu la gunia.