Kufunza Piano Kabras: Koo Litangulie, Vidole Vifuate

Mzazi anayeniletea mtoto ajifunze piano hapa Malava, katika nchi ya Kabras, huniuliza jambo moja kabla hata hajaketi: ataanza lini kusoma noti? Swali ni la haki, kwa sababu vitabu vingi vya wanaoanza hufungua ukurasa wa kwanza kwa mistari mitano na alama zake. Jibu langu huwashangaza wengi. Mtoto ataimba kwanza. Ataimba do, re, mi, ataimba wimbo anaoujua wa kanisani au wa uwanjani, kisha autafute wimbo huo huo kwenye kibodi kwa sikio. Noti zitakuja baadaye. Sababu zangu zimo katika historia ya ala yenyewe, kwa hiyo msomaji anivumilie nianzie mbali kidogo.

Piano ilizaliwa Italia. Bartolomeo Cristofori, fundi aliyetunza ala za ukoo wa Medici mjini Florence, alikuwa amekwisha kuunda ya kwanza kufikia mwaka 1700. Kinanda kilichotamba wakati huo kilidonoa nyuzi, na hata mpigaji angebonyeza kwa nguvu namna gani, sauti ilitoka ile ile. Cristofori alitia nyundo ndogo ndani. Ukibonyeza, nyundo inarushwa, inagonga uzi, na papo hapo inaanguka ili uzi uendelee kulia. Kidole kikigusa taratibu, sauti ni nyororo; kikikaza, sauti inajaa. Kinanda kikaweza kunong'ona na kupaza sauti kama mwimbaji anavyofanya, na hiyo ndiyo maana ya uvumbuzi wote ule. Ala tatu za mkono wake zipo hadi leo: ya 1720 iko New York, ya 1722 Roma na ya 1726 Leipzig. Hiyo ya Leipzig ina vibonyezo 49. Piano za leo zina 88.

Wako wanaodhani habari hizi hazituhusu. Lakini mwishoni mwa 1883 Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskoti, alivuka nyanda za Uasin Gishu akaingia nchi iliyoitwa Kavirondo kwa kupitia hapa hapa Kabras. Sehemu ya safari yake nchini mwa Wamaasai alikuwa ameandamana na msafara wa Jumba Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani. Kimameta na wenzake walifuata pembe za ndovu. Mumias, jirani zetu, pakawa kituo kikubwa cha misafara. Pembe zilishuka pwani, zikauzwa Zanzibar, na sehemu kubwa ikapakiwa merikebuni kwenda Marekani, kwenye miji midogo ya Ivoryton na Deep River katika jimbo la Connecticut. Huko zilikatwa vipande vyembamba, vikaanikwa kwa majuma mengi chini ya paa za vioo ili jua living'arishe, halafu vikagundishwa juu ya vibonyezo vya piano. Wapagazi waliozibeba begani, baadhi yao watumwa, hawakuisikia piano hata siku moja. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa makubaliano ya 1989, mwaka ule ule Rais Moi alipochoma tani 12 jijini Nairobi, na vibonyezo vya sasa ni vya plastiki. Nikiona piano kuukuu yenye vibonyezo vilivyogeuka rangi ya manjano, siwezi kuipiga bila kuwakumbuka watu wale.

Muziki wenyewe ulitufikia kwa njia nyingine, nao ulikuja bila piano. Kanisa la Friends lilianzisha kituo Kaimosi mwaka 1902, na baadaye likafungua kingine hapa Malava. Wamisionari wa makanisa mbalimbali ya Kenya walifundisha kwaya kwa solfa, yaani do, re, mi. Mbinu hiyo ilibuniwa na mwalimu mwanamke, Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, kisha mhubiri John Curwen akaitengeneza na kuieneza kuanzia miaka ya 1840. Faida yake ni kwamba haitaki ala wala karatasi yenye mistari. Ubao na chaki vinatosha. Do inaweza kukaa popote: mwalimu wa kwaya anaitoa mdomoni, sauti nne zinachukua nafasi zake, wimbo unaanza. Hadi leo ukiingia mazoezini Jumamosi alasiri katika kanisa lolote kati ya Butali na Chegulo, utasikia besi wakipewa mstari wao kwa solfa na kuushika baada ya kuurudia mara chache.

Wanaopitia mitihani ya kigeni hurudi wakiidharau solfa. Wanaiona ni ya watu ambao hawakusoma. Nawapinga kwa moyo wote. Zoltán Kodály, mtunzi wa Hungaria aliyegeuza ufundishaji wa muziki nchini mwake, aliijenga kazi yake juu ya solfa hiyo hiyo, pamoja na ishara za mikono za Curwen. Alishikilia kwamba mtoto aimbe kabla ya kupewa ala. Rafiki yake Béla Bartók alipoandika Mikrokosmos, mkusanyo wa vipande 153 vya kumpandisha mwanafunzi wa piano hatua kwa hatua, alianza na mahadhi mepesi ambayo mikono yote miwili inapiga wimbo mmoja, na humo ndani aliweka nyimbo za kuimbwa na kupigwa kwa pamoja. Zamani zaidi, mwaka 1753, Carl Philipp Emanuel Bach aliwashauri wapiga kinanda wasikose nafasi ya kuwasikiliza waimbaji hodari. Chopin naye aliwahimiza wanafunzi wake kujifunza kuimba. Wote hawa walijua kuwa nyundo ya Cristofori haina faida kwa mtu ambaye sikio lake halijui sauti inayotakiwa.

Mtoto wa Kabras basi anapoketi mbele ya kibodi, nusu ya somo tayari anayo. Kazi ya mwalimu ni kuitumia.

Somo moja la solfa linatosha kuonyesha namna. Mtoto anaimba ngazi nzima kutoka do hadi do, kisha anaipiga akianzia C. Vibonyezo vyote ni vyeupe, mambo ni shwari. Halafu namwambia do imehamia G. Anaimba tena bila shida, maana kwaya imemzoesha do inayohama. Anapiga: do, re, mi, fa, so, la, na akifika ti uso unakunjamana. "Mwalimu, hapo pamepinda." Simjibu. Anarudia, anasikiliza, mwishowe kidole kinasogea kwenye kibonyezo cheusi kilicho kulia kwa F, na anacheka. Hakuambiwa kanuni yoyote kuhusu G kuwa na noti moja iliyopandishwa. Ameigundua kwa sikio lake, na haitamtoka. Do ikihamia D atatafuta vyeusi viwili, na atavipata.

Somo hili lina faida nyingine kubwa makanisani kwetu. Wapigaji wengi wa kibodi wanajua C peke yake. Kiongozi wa nyimbo akianza juu au chini, wanatafuta kitufe cha kuhamisha sauti, wanakibonyeza mara mbili tatu huku kwaya ikisubiri, kisha wanaendelea na vidole vile vile. Kitufe hicho ni msaada wa dharura, lakini kimewafunga wapigaji wenye vipaji. Siku mpigaji huyo atakapoketi kwenye piano halisi, isiyo na kitufe, hatakuwa na pa kushika. Aliyefunzwa do inayohama atabadilisha vidole na kuendelea.

Mdundo ndio utajiri wetu wa pili. Hesabu mapigo sita yaliyo sawa. Mkono wa kulia upige la kwanza, la tatu na la tano. Wa kushoto upige la kwanza na la nne. Sasa tatu zimepanda juu ya mbili. Mwanafunzi wa Ulaya hutoka jasho akikutana na mpangilio huu, kwa mfano katika Arabesque ya kwanza ya Debussy, na vitabu vingi vimeandikwa kumsaidia. Huku kwetu watoto wanaupiga kwa makofi na miguu kabla ya kuingia shule. Jirani zetu Waisukha na Waidakho wana isukuti, ngoma tatu za ukubwa tofauti ambazo kila moja ina mdundo wake, na UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Mtoto aliyekulia kando ya ngoma kama hizo namwambia aimbe wimbo wa kwao, apige makofi ya tatu, akanyage mbili, kisha nahamishia makofi mkono wa kulia na miguu mkono wa kushoto. Wengi wanafaulu wakati ule ule. Wanaoshindwa mara nyingi ni waliokwisha kufundishwa kuhesabu kwa kinywa.

Sisi si wa kwanza Afrika kuona hivi. Akin Euba wa Nigeria alitetea mtindo wa piano wa Kiafrika, yaani kuipiga piano kwa mantiki ya ngoma na marimba zetu, na J. H. Kwabena Nketia wa Ghana alitoa mwaka 1994 vipande 12 vya kufundishia kwa mtindo huo. Hapa Kenya tuna mfano unaojulikana na kila mtoto: wimbo wa taifa. Mwaka 1963 jopo la wanamuziki, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, lilichukua bembelezi ya Wapokomo na kuiwekea sauti nne. Mpigaji yeyote akiupiga wimbo huo kwenye piano anapiga mahadhi ya mama wa Tana River. Nyimbo za Kabras zinasubiri mtu wa kuzifanyia hivyo kwa mikono miwili ya piano, na natamani mtu huyo atoke madarasani mwetu.

Kuhusu ala, niseme wazi. Piano ya nyuzi ni ngumu kuitunza hapa. Ubao wake wa sauti ni mti laini unaofyonza unyevu, na Kakamega mvua ni kubwa. Ubao ukivimba unazisukuma nyuzi, sauti inapanda; kiangazi kikikausha, inashuka. Ndani kuna nyuzi zaidi ya 200 zilizokazwa, kwa jumla mvuto wa tani nyingi, na fundi wa kuzisawazisha hapatikani kirahisi. Sufu ya nyundo nayo huliwa na nondo na panya. Nunua kibodi, lakini iwe inayotambua nguvu ya kidole. Ukimudu yenye vibonyezo vizito, ni bora zaidi. Kibodi inayotoa sauti moja kwa mguso wa aina yoyote inamrudisha mtoto kabla ya Cristofori.

Sasa nirudi kwa mzazi na noti zake. Solfa ina mipaka. Inakifaa kifua cha mwimbaji mmoja, lakini vidole kumi vikitawanyika juu ya vibonyezo 88, sauti zikiingiliana na do ikihama kila mara, maandishi yake yanakuwa msitu. Sonata 32 za Beethoven hazisomeki kwa solfa. Mitihani ya kawaida ya bodi ya London, ABRSM, iliyoanzishwa 1889 na inayofanywa na vijana wengi wa Kenya, inadai usomaji wa noti papo kwa papo. Hata hivyo mitihani hiyo ina sehemu ya kusikiliza na kuimba, na hapo ndipo mwanakwaya wa Kabras hupata alama kwa urahisi.

Kwa hiyo mistari mitano huja pale mtoto anapoweza kupiga wimbo wa sentensi nne akianzia C, G na F bila kusaidiwa. Kipande ninachompa mara nyingi ni Minueti katika G kutoka daftari la Anna Magdalena Bach la 1725. Kwa miaka mingi ilidhaniwa ni ya mume wake, Johann Sebastian Bach. Mtunzi wake ni Christian Petzold. Naichagua kwa sababu do yake iko G, na kile kibonyezo cheusi mtoto anakifahamu. Anaimba mkono wa kulia kwa solfa huku akifuata noti kwa kidole, kisha anapiga mkono wa kushoto peke yake huku akiendelea kuimba wa kulia. Mikono haiunganishwi mpaka aweze kuimba wa kushoto pia.