Kuzaliwa na Kufa Rumonge

Ukitoka Bujumbura kwenda kusini, ziwa Tanganyika likiwa mkono wa kulia, baada ya kilomita sabini na kitu unaingia Rumonge, mji wa mawese, dagaa na mikebuka. Mtu wa Kigoma hapotei hapa. Sokoni na mwaloni Kiswahili kinasemwa, na Waislamu ni wengi, urithi wa misafara ya Ujiji ya karne ya 19. Milimani, nyuma ya mji, Kirundi ndicho kinachotawala na Wakristo ndio wengi.

Mama aliyejifungua hukaa ndani siku kadhaa, kisha hutolewa nje pamoja na mtoto. Majirani huja kumpongeza (guhemba kwa Kirundi) kwa pombe ya ndizi au ya mtama. Kwa Waislamu ni soda, sabuni na khanga. Hao humwadhinia mtoto sikioni, na siku ya saba humnyoa na kumchinjia akika. Kwa desturi ya Kirundi kila mtoto hupewa jina lake, si lazima la baba. Mapacha ni Bukuru na Butoyi, anayewafuata ni Ciza. Wa saba ni Nyandwi, wa nane Minani. Hivyo ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuvuka mpaka na majina matano tofauti.

Mwislamu huzikwa upesi, kisha husomewa hitima. Kwa Wakristo, waliotoka makaburini hunawa mikono ndipo waketi. Zamani wafiwa hawakushika jembe mpaka matanga yaanuliwe. Siku ya kuanua, kuganduka kwa Kirundi, msemaji wa ukoo husimama na kuuliza: nani anamdai marehemu, nani anadaiwa naye? Mambo ya urithi pia husemwa hadharani.

Desturi hizi hazihitaji makumbusho ili zidumu. Zinahitaji majirani wa kushuhudia. Mwaka 1972 walikosekana. Uasi ulipozuka Aprili 29 katika ukanda huu wa Rumonge na Nyanza-Lac, yakafuata mauaji ya nchi nzima; wengi walifukiwa kwenye makaburi ya halaiki bila matanga, na maelfu wakakimbilia Tanzania. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilianza mwaka 2020 kufukua makaburi ya aina hiyo nchini, na familia zilizosubiri miongo mitano zinadai mazishi ya heshima.

Ukialikwa kuanua matanga Rumonge, usiende mikono mitupu, wala usiondoke kabla msemaji hajamaliza kuuliza madeni.