Ndigana Inapoingia Nyumba Yenye Msiba

Ndigana kali ni ugonjwa wa ng'ombe unaosababishwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva. Anayekisambaza ni kupe wa kahawia, yule apendaye kujishikiza masikioni. Ndama wa kienyeji aliyezaliwa penye kupe wengi huweza kuugua akapona, lakini ng'ombe wa kisasa au chotara wa maziwa, ambaye ndiye tegemeo la kaya nyingi za Afrika Mashariki, asipotibiwa kwa kawaida hufa ndani ya wiki chache.

Ugonjwa huu una tabia ya kuingia nyumbani wakati nyumba yenyewe imeelemewa, na sababu yake iko katika maisha ya kupe. Kupe mwenye vijidudu haambukizi papo hapo anapouma. Vijidudu huchukua siku kadhaa kukomaa ndani ya tezi za mate yake huku akinyonya, ndipo viingie mwilini mwa ng'ombe. Mfugaji anayenyunyiza dawa kwa ratiba isiyokatika huwaua kupe wengi kabla siku hizo hazijatimia. Kinga yake yote imesimama juu ya hizo siku chache.

Sasa mama mwenye ng'ombe akilazwa hospitali, au baba wa nyumba akifariki, bomba la kunyunyizia dawa hubaki limening'inia bandani. Anayeachiwa banda ni mtoto wa shule. Naye hukata majani pale yanapopatikana upesi, kando ya barabara, ambako mifugo ya watu hupita na kuacha kupe. Mabingobingo ya shambani hayana mtu wa kuyafuata. Ng'ombe ambaye hajatoka bandani mwaka mzima huletewa kupe ndani ya mzigo wa majani. Dalili huanza kati ya siku 8 na 25 baada ya kuambukizwa. Matanga yameshaanuliwa, wageni wamerudi makwao, fedha ya rambirambi imekwisha, ndipo ng'ombe anaposusa pumba. Watu husema mikosi imeandamana. Kumbe mkosi wa pili ulizaliwa na wa kwanza, na kwa kujua hivyo jirani anayekuja kuhani anaweza kufanya jambo la maana kuliko maneno: kulishika lile bomba siku ya zamu.

Dalili ya kwanza huonwa na mkono. Chini ya sikio, nyuma ya taya, pana tezi ambayo kwa ng'ombe mzima ni vigumu kuipapasa. Ndigana huivimbisha ikafikia ukubwa wa yai la kuku au kupita, kisha ikafuata ile ya mbele ya bega. Joto la kawaida la ng'ombe ni nyuzi 38 na nusu hivi. Hapa hupita 40, wakati mwingine hufika 42. Kipimajoto hutikiswa, hupakwa mafuta kidogo, huingizwa katika njia ya haja kubwa na kulazwa ubavuni, kiguse ukuta wa utumbo na si kinyesi, kikakaa kwa dakika mbili. Homa hutangulia udhaifu: ng'ombe huweza kuwa na nyuzi 40 na bado anatafuna. Anayekamua ndiye hushtuka mapema, kwa kuwa maziwa hupungua kabla hamu ya kula haijakwisha. Baadaye huja kikohozi, pumzi za shida, na povu jeupe puani. Mapafu yamejaa maji. Akifika hapo, kumponya ni kwa bahati.

Dawa ipo. Buparvakwoni huchomwa kwenye msuli wa shingo kwa kiasi cha mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito, na aghalabu sindano hurudiwa baada ya siku mbili au tatu. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji mililita 20 kwa mkupuo mmoja, na bei yake si ndogo. Mwenye dhiki huomba achomewe nusu, au hukimbilia oksitetrasaiklini, ambayo ni nafuu na imejaa katika maduka ya pembejeo. Njia zote mbili hupoteza fedha na ng'ombe pia. Nusu dozi huviacha vijidudu hai, na oksitetrasaiklini peke yake haiponyi ndigana kali iliyokwisha kujitokeza. Fedha kidogo iliyopo ni heri itumike siku ya kwanza ya homa, kwa kumwita bwana mifugo apime uzito kwa utepe na kutoa dozi kamili, kuliko fedha nyingi itakayokopwa povu likishaonekana. Baadhi ya vyama vya ushirika vya maziwa hukubali kulipia tiba na kukata kidogo kidogo katika mauzo. Mfiwa anaweza asikumbuke kuuliza, basi amuulizie mwingine.

Uuguzi wenyewe hauna gharama kubwa. Mgonjwa anataka kivuli, maji safi karibu na mdomo, majani laini, na malazi makavu. Akilala muda mrefu hugeuzwa ubavu. Joto la asubuhi na la jioni huandikwa kwa chaki mlangoni mwa banda, ili atakayepokea zamu ajue hali bila kumsumbua mwenye msiba. Wako wanaomwambia mfiwa kwamba huyu ni ng'ombe tu. Maneno hayo hukata vibaya. Maziwa ya asubuhi ndiyo ada na sukari ya nyumba, na huenda ng'ombe huyo aliletwa na marehemu kwa mkono wake.

Ikiwa nguvu hazipo kabisa, ng'ombe huwekwa kwa mtu. Wachaga wa Kilimanjaro wana desturi hiyo tangu zamani: anayewekewa hupata maziwa na mbolea, mwenye mali hubaki na ng'ombe wake na uzao. Ila ng'ombe aliyezoea banda lisilo na kupe asipelekwe malishoni penye kupe bila kinga. Wala ng'ombe anayekata roho asichinjwe kwa haraka ili kuokoa nyama. Ndigana haiambukizi binadamu, lakini dawa aliyochomwa ingali mwilini, na huenda kumbe ni kimeta, ambacho nacho huua ghafla. Mkaguzi wa nyama aitwe kwanza.

Chanjo ya ndigana kali iliyozaliwa Muguga, karibu na Nairobi, huchanganya aina tatu za vijidudu hai: ya Muguga, ya Kiambu, na ya nyati wa Serengeti. Ng'ombe huchomwa vijidudu hivyo pamoja na oksitetrasaiklini ya kudumu muda mrefu. Dawa ileile isiyoponya mgonjwa hapa huuzuia ugonjwa usipande, na mwili hujifunza kupigana. Wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia sana. Haizuii magonjwa mengine ya kupe, kama ndigana baridi na mkojo mwekundu, hivyo bomba halitundikwi. Chanjo hutunzwa katika nitrojeni ya kimiminika, na mrija mmoja una dozi 40. Ukishayeyuka ni lazima utumike siku hiyohiyo. Kwa hiyo mwenye ng'ombe mmoja hangoji apate fedha za mrija: majirani huorodheshana, hupanga siku, na ng'ombe wao huletwa kwa pamoja, wa mjane akiwa miongoni mwao.